Darasa Linalofunga Jumatano

Wifi yangu Tuda akishashika jambo, hata umvute kwa nyumbu haachii. Miaka kumi na mmoja nimeishi naye ukuta kwa ukuta, mimi nikiwa mke wa kaka yake Aqqa, na naapa sijawahi kumshinda ubishi hata wa chumvi ya mchuzi. Siku hizi bonde zima linamsifu. Wanasema alizaliwa jasiri. Jasiri gani? Mbishi tu huyo, na mimi ndiye niliyeula ubishi wake miaka yote kabla hajaupeleka mjini. Kwa hiyo habari zake nisikilizeni mimi.

Kijiji chetu kiko juu kabisa, pale mto unapotokea mlimani: nyumba ishirini na sita na msikiti mmoja. Soko liko chini, mwendo wa saa mbili na nusu kwa punda. Kwenye karatasi za serikali lina jina refu, ila sisi tunaliita Jumatano, kwa kuwa ndiyo siku yake, na mji mdogo uliolizunguka nao tunauita Jumatano. Mtu akikuuliza bintiyo kaolewa wapi, unamjibu kaolewa Jumatano, hata kama harusi ilikuwa Jumamosi.

Na siku zetu zote tunazihesabu kwa soko hilo. Alhamisi ni moja baada ya soko, Ijumaa mbili baada, Jumamosi tatu baada. Hapo tunageuka: Jumapili ni tatu kabla, Jumatatu mbili kabla, Jumanne moja kabla. Mzee wa kwetu ukimtajia tarehe anakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Hesabu hiyo ilimchoma Tuda mapema. Yeye ndiye msichana wa kwanza wa kijiji hiki kufika darasa la sita. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake huko chini. Wiki za mwisho kabla ya mtihani wa kumaliza alirudi nyumbani, na mwalimu wake akamtuma mchuuzi wa viazi alete habari: mtihani ni siku mbili na soko. Mchuuzi alisema mbili, hakusema kabla wala baada, na baba yake hakuuliza. Yeye aliona ni baada, maana mambo ya maana kwetu hufanywa baada ya soko, nyumba ikiwa na kila kitu. Ijumaa alfajiri akampandisha binti yake juu ya punda, wakashuka. Walikuta uwanja wa shule mtupu, mlinzi anafagia. Mtihani ulikuwa umefanyika Jumatatu. Baba mkwe wangu alinisimulia haya kwa kinywa chake, mtu mzima analia. Alisema walipofika nyumbani mtoto aliuliza tu, "Baba, leo tarehe ngapi?" Nyumba nzima hakuna aliyejua.

Shule ikaishia hapo. Aliolewa, akaachwa, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na kuku saba. Kisha chama kimoja cha mjini kikatafuta mwanamke wa kufundisha watoto wetu wadogo, wa miaka minne na mitano. Wenye vyeti walipoiona njia ya kuja huku waligeuza. Tuda akaomba, akafunzwa wiki sita, akapewa kazi. Chumba alikitoa mwenyewe, ghala la sufu la marehemu baba yake. Alilipaka chokaa siku mbili mfululizo, hakutaka msaada wa mtu, na chokaa ikamwingia machoni. Nilimwambia, "Wifi, utapofuka kabla hujamfundisha mtu." Akasema nimpishe.

Watu walidhani ataanza na herufi. Akaanza na siku. Alifumua magunia ya unga, akayaunganisha yakawa kitambaa kimoja kirefu kama ukuta, akakichora mistari: kila safu wiki moja, kila wiki visanduku saba. Na wiki yake ilianza Alhamisi, siku ya kwanza baada ya soko, kwa sababu hapo ndipo watoto wa huku wanapoanzia kuhesabu. Kila siku saa sita, kabla hawajatoka, mtoto mwenye zamu anakwenda kwenye kisanduku cha leo na kuchora jambo moja lililotokea, kwa mkaa au kwa maji meusi ya maganda ya tunda la jozi. Pembeni wanapiga vistari, kimoja kwa kila mtoto aliyefika. Halafu Tuda anaandika jina la siku na tarehe, akiitoa kwenye kalenda ya dukani aliyoitundika mlangoni, na watoto wanayasema yote kwa pamoja: hii ni mbili baada ya soko, ni Ijumaa, ni tarehe fulani.

Mimi mwanzoni nilicheka. Nilisema analipwa kuwafundisha watoto kuchafua magunia. Lakini zamu ya binti yangu Ijja ilipofika, miezi mitatu tu darasani, ana miaka minne hajui hata kufunga kiatu, alianza kunisumbua nyumbani. Bibi yake akisema "siku ile ya juzi," mtoto anauliza, "Siku ipi, bibi? Ya mbuzi aliyezaa au ya mvua ya mawe?" Bibi akisema ya mbuzi, Ijja anamwambia, "Hiyo ilikuwa Jumanne, si juzi. Juzi ni Jumamosi." Mama mkwe alikasirika akasema mtoto hana adabu. Mimi nilijifanya nimekasirika pia, lakini nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu, nikamwonea wivu mwanangu. Mimi umri wake nilikuwa sijui kama nina umri.

Sasa shida. Jumatano Tuda alifunga, na Jumapili alifungua. Si uvivu. Siku ya soko kijiji kizima kinashuka alfajiri na kurudi alasiri. Darasa linaisha saa sita mchana, na mtoto wa miaka minne utamwacha na nani, ale nini? Wote wanapanda punda na mama zao. Akifungua Jumatano anapata watoto wanne, wale wenye homa au wenye bibi. Akifungua Jumapili anawapata wote kumi na wanane. Miaka minne alifanya hivyo, chama kinajua na kimenyamaza, mpaka ofisi ya wilaya ikatuletea mkaguzi mpya, Bwana Rahhali.

Mara ya kwanza alikuja mwezi wa kumi, siku ya Jumanne. Nilikuwepo, nimeleta kuni za jiko la darasa. Alisimama mbele ya magunia, mikono nyuma.

"Wiki inaanza Jumatatu," akasema.

"Ya kwako," akasema Tuda.

"Ya nchi nzima, Bibi."

"Basi nchi nzima ije ichunge watoto hawa Jumatano."

"Unawachanganya. Wakienda shule ya kweli watakuta kalenda nyingine."

"Ile hapo mlangoni. Muulize yeyote akuoneshe leo iko wapi."

Hakumuuliza yeyote. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema Jumapili ni siku ya mapumziko na Jumatano ni siku ya kazi na yeye hakuja kubishana. Aliondoka masikio yamemwiva. Nikamwambia, "Wifi, ulimi huo utatuponza." Akanijibu, "Kuni zako mbichi."

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mzee Bujemaa, mjumbe wa serikali hapa kijijini, alipanda na barua. Mzee huyu anasoma polepole na kwa sauti ya juu, basi nusu ya kijiji tulisikia kabla Tuda hajaipokea. Barua ilisema mkaguzi alifika darasani mara tatu mwezi wa pili: Jumatatu tarehe tano, Jumatano tarehe kumi na nne, Alhamisi tarehe ishirini na mbili. Mara zote tatu alikuta mlango umefungwa na hakuna mtoto. Kwa hiyo darasa limehesabiwa kuwa limekufa. Litafungwa, na watoto wanaotaka kusoma watashuka kwenye darasa la huko chini, Jumatano.

Saa mbili na nusu kushuka, saa tatu na zaidi kupanda, mtoto wa miaka minne. Hakuna hata mmoja ambaye angekwenda, na aliyeandika barua alijua. Ijja alikuwa amenishika sketi, ananiuliza darasa linakufaje. Nilimwambia akacheze. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Tuda hakulia. Aliingia darasani, sisi nyuma yake, akasimama mbele ya magunia akaweka kidole kwenye tarehe tano. Kwenye kisanduku kile kulikuwa na kitu kikubwa cheusi chenye magurudumu, kimezungukwa na nafasi nyeupe. Greda. Theluji ilifunga njia siku tatu, greda ikakwama kwenye kona chini ya kijiji, na watoto wote walikwenda kuitazama kabla ya darasa. Vistari kumi na saba pembeni. Akahamisha kidole hadi tarehe kumi na nne. Hapo palikuwa na gari jeupe na mtu mwenye mkono mkubwa kuliko kichwa, anagonga mlango. Alichora Ijja, siku ya soko alibaki na bibi yake kwa homa, akamwona, na kesho yake akaomba kisanduku. Halafu tarehe ishirini na mbili: mwanamke mwenye sindano ndefu kama jembe, na mstari wa vichwa vilivyofungua midomo.

"Muuguzi," nikasema. Wote tukakumbuka. Muuguzi wa zahanati alipanda siku ile kuchanja, akachanjia humo humo darasani kwa sababu ndicho chumba chenye jiko.

Mzee Bujemaa akavua kilemba, akajikuna. "Kwa hiyo alikuja mara moja akaandika tatu."

"Na hiyo moja alikuja siku ya soko," nikasema, "akijua."

Tuda alinigeukia. "Rabha, kadi ya chanjo ya Ijja iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikumbishia. Nilipita nyumba kwa nyumba nikakusanya kadi kumi na nane, kila moja ina muhuri wa zahanati, tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa pili.

Tulishuka mjini Ijumaa ile ile ya wiki hiyo, tarehe tisa, magunia yamekunjwa kama zulia begani mwa Tuda na kadi kifuani mwangu. Tulifika ofisini saa tano na nusu. Karani alikuwa anavaa koti. Akasema tungoje. Wakatoka mmoja mmoja, huyu anakwenda kuswali, huyu nyumbani kula kuskusi, mlinzi akafunga mlango kwa kufuli na kwenda zake naye. Ukutani palikuwa na kibao: ofisi iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Tuda alikisoma mara mbili. Tulikaa kwenye ngazi, tukala mkate na zeituni. Walirudi saa tisa na dakika kumi, wameshiba, mmoja bado anachokonoa meno.

Mkuu wa ofisi ni mama mmoja, Lalla Nuzha, Lalla kwetu ni kama Bibi, mwenye miwani na sauti ya chini. Bwana Rahhali alikaa kando yake. Tuda hakungoja aambiwe; alitandaza magunia sakafuni, meza mpaka mlango, hata kiti cha mtu kikabidi kisogezwe.

"Hii ni nini?" akauliza Lalla Nuzha.

"Mwezi wa pili," akasema Tuda. Akamwonesha greda, akamwonesha gari jeupe, akamwonesha sindano.

Bwana Rahhali akacheka puani. "Bibi, haya ni magunia ya unga. Haya si hati."

Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu asubuhi. Nilitoa kadi kifuani nikaziweka mezani moja moja, nikizigonga, zote kumi na nane. Lalla Nuzha alizichukua, akasoma muhuri wa kwanza, wa pili, wa tano. Akazilinganisha na barua. Akavua miwani.

"Bwana Rahhali," akasema, "muuguzi aliwachanjia wapi watoto hawa, kama darasa lilikuwa limefungwa?"

"Huenda nilichanganya tarehe."

"Na theluji ya tarehe tano uliipitaje?"

Akafungua daftari lake, akalifunga. Nilifurahi, sifichi. Ningekuwa nyumbani ningepiga vigelegele.

Lakini furaha yangu haikufika mbali. Lalla Nuzha alizikusanya kadi vizuri akanirudishia, akasema, "Tarehe mbili nazifuta. Ya tatu ni kweli. Jumatano ni siku ya kazi, na mlifunga." Akavuta karatasi kutoka kwenye mtoto wa meza. "Saini hapa, Bi Tuda. Kwamba kuanzia sasa utafungua Jumatano na kufunga Jumapili kama wenzako. Ukisaini, barua ya kufunga darasa naichana mbele yako."

Nilimkanyaga mguu. Nilimnong'oneza, "Saini, mjinga wewe. Saini tuondoke." Hata kama ni kufungua, afungue tu mlango Jumatano akae peke yake, nani angejua?

"Nikisaini," akasema Tuda, "Jumatano nitakuwa na watoto wanne. Sheria yenu inasema wakiwa chini ya kumi na wawili mnafunga. Mtapanda, mtahesabu wanne, mtafunga. Hapo mtakuwa na saini yangu pia."

"Wazazi wajifunze kuwaleta."

"Lalla, tumefika hapa saa tano na nusu. Kibao chenu kinasema mko wazi. Tumekaa kwenye ngazi mpaka saa tisa, kwa sababu Ijumaa mnakwenda kuswali na kula kuskusi na watoto wenu. Sikulaumu, hata mimi ningekwenda. Lakini sikuona mtu aliyekuja kugonga mlango huu akaandika kwamba ofisi imekufa."

Karani aliyekuwa anachokonoa meno akaacha. Lalla Nuzha alizungusha miwani yake vidoleni, mimi nikaanza kuomba dua.

"Utaratibu wa Ijumaa unajulikana," akasema mwishowe.

"Na wa kwetu wa Jumatano unajulikana tangu ofisi hii haijajengwa. Sisaini."

Yule mama alivaa miwani yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema Bwana Rahhali atapanda Jumatano ya tarehe ishirini na moja, siku ya kazi. Akikuta watoto kumi na wawili au zaidi, ataandika darasa li hai, na suala la siku litazungumzwa na watu wenye akili zilizotulia. Akikuta kumi na mmoja, ana kufuli.

Njia nzima ya kurudi nilimgombeza. Nilimwita kichwa jiwe, nilimwambia ndiyo maana mume alimwacha, neno ambalo mpaka leo linanichoma. Aliyahamishia magunia bega la pili. Tulipofika kijijini watu walikuwa wamejikusanya nje ya msikiti, akawaambia yote, halafu akasema hivi: "Jumatano ile shukeni sokoni kama kawaida. Simwombi mtu abaki. Mkibaki siku moja watasema mnaweza kubaki siku zote, na watakuwa na haki. Mimi nitafungua mlango, nitakaa ndani. Wakifunga, wafunge na mimi humo."

Akaenda kuhesabu kuku wake. Watu waliinamisha vichwa wakatawanyika. Mimi nilibaki pale nimesimama, nachemka. Nani alimwambia darasa ni lake? Ghala ni la baba yake, sawa. Lakini anayejua jana na juzi ni mtoto wangu. Yeye alikoseshwa mtihani wake, akapata uchungu, akautumia vizuri, Mungu ambariki. Lakini sasa alitaka kukaa ndani ya ushindi wake wa kishujaa na kufuli nje, na Ijja wangu aende kuchunga mbuzi mpaka aolewe. Ana ubishi wake, na mimi ninao wangu.

Nilianza na mume wangu. Aqqa alikuwa na kondoo wawili wa kuuza siku ile. Nikamwambia watakula nyasi wiki moja zaidi, hawatakufa. Mimi nilikuwa na zulia nililolifuma tangu vuli, mnunuzi ananingoja Jumatano hiyo hiyo, na si mtu wa kungoja mara mbili. Nililikunja nikaliweka juu ya kabati. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kama nilivyopita kukusanya kadi. Mama Bassu alisema unga wake umebaki wa siku tatu. Nikamwambia nitampa wangu. Mzee Bujemaa alisema soko halijawahi kutukosa hata mwaka ule mifugo ilipokufa. Nikamwambia, "Basi litukose tulione litafanya nini." Alicheka, akasema yeye ni mtu wa serikali hawezi kushiriki, ila Jumatano miguu itamuuma na hatashuka.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja punda walilia zizini, hawaelewi mbona hakuna anayewapakia. Tulikwenda wote. Watoto kumi na wanane, mama zao, baba zao wanaona aibu na mikono yao mikubwa, mabibi, hata yule babu kiziwi wa nyumba ya mwisho. Chumba hakikutosha, wengine walikaa kwenye madirisha na wengine uani.

Tuda alikuwa peke yake ndani, amekaa, mikono magotini. Alipotuona alisimama. Uso ulimbadilika, nikadhani atalia.

"Leo siku gani?" akawauliza watoto, mkali.

"Siku ya soko, ni Jumatano, ni tarehe ishirini na moja," wakasema.

"Na Jumatano tunafanya nini?"

"Hatuji."

"Basi mnafanya nini hapa?"

Watoto wakatazamana. Ijja akaninyooshea kidole. Tuda alinitazama mimi, na mimi nikamtazama, na nikamwambia mbele ya kijiji kizima, "Ulisema hutuombi. Hukutuomba. Fundisha."

Bwana Rahhali alifika saa nne kasorobo. Kufuli alikuwa nalo kweli, jipya, kwenye mfuko wa karatasi. Alipita katikati yetu, hakuna aliyemzuia na hakuna aliyempisha sana. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Mmepangwa," akasema. "Wiki ijayo hakuna atakayekuwepo hapa."

"Wiki ijayo Jumatano tutakuwa sokoni," nikasema, "na wiki ya baadaye, na mwakani. Ukitutaka darasani njoo Jumapili. Leo umesema utahesabu. Hesabu."

Alitoka akapanda juu ya paa la nyumba yangu, maana huko ndiko simu inakoshika, na tulimsikia akiongea na Lalla Nuzha. Alianza kwa sauti kubwa: wameacha soko, Lalla, kijiji kizima kimeacha soko. Kisha akawa anasikiliza tu. Aliposhuka alikaa kwenye mkeka wa watoto kwa kuwa hakukuwa na kiti, akafungua daftari. Aliandika kumi na wanane. Tuda alisimama juu yake mpaka alipoandika pia kwamba wazazi walikuwepo, na kwamba Jumatano ni siku ya soko la bonde. Mzee Bujemaa, miguu imempona ghafla, akapiga muhuri wake. Bwana Rahhali akaondoka na kufuli lake.

Kibali cha Jumapili kilikuja mwezi uliofuata, mistari miwili na saini. Darasa liko. Ijja amelimaliza, sasa yuko shule ya huko chini na anakaa kwa shangazi wa baba yake, na mitihani yake tunaijua tarehe mimi na baba yake kuliko mwalimu. Tuda hakunishukuru, na neno lile nililomtupia njiani hajalitaja. Alichofanya ni kuja kwangu jioni ya siku ile ya kufuli, akakaa mahali pake, akanyoosha mkono apewe chai.

Na sukari ilikuwa imekwisha. Si kwangu tu, kijiji kizima, maana siku ya kununua tuliikalia darasani. Tulikunywa chai ya mnanaa chungu siku saba, wakubwa kwa wadogo, na watu wanasimulia kwamba hakuna aliyelalamika. Uongo. Mimi nililalamika kila siku, na kila siku nilikunywa.